Pori au Mahame? Moyowosi Mlangoni pa Kamusi Elezo

Wapenzi wa lugha wanaifahamu kazi ya kuteua vidahizo. Mtunzi wa kamusi ana rundo la maneno mbele yake, na kila neno lina mtetezi wake: huyu asema linatumika kwao tangu enzi za mababu, yule asema hajapata kulisikia. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ililikabili jambo hilo, na matunda yake yakawa kamusi ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka 1939. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ililikabili tena kabla ya kutoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Na kwa kuwa usanifishaji ulikuwa umejengwa juu ya Kiunguja, malenga wa Mombasa na Lamu walibaki na nung'uniko ambalo halijaisha hadi leo: kwamba neno lenye karne kadhaa ndani ya tungo laweza kuachwa nje ya mlango, au kuingizwa kwa lebo ya lahaja, kwa sababu tu halikuwa kinywani mwa watu waliokuwa karibu na meza ya mtunzi.

Mgogoro huohuo umehamia katika kamusi elezo za mtandaoni. Tofauti ni kwamba huko hakuteuliwi maneno, huteuliwa watu, miji, mito na hifadhi. Wikipedia ilianza mwaka 2001, na ile ya Kiswahili mwaka 2003. Kila siku wahariri wake wa kujitolea hulazimika kujibu swali lililo jepesi kwa maneno na zito kwa matokeo: je, mahali hapa panastahili kidahizo?

Nataka kulijibu swali hilo kwa kutazama mahali pamoja, nyanda za juu za Kigoma, katika nchi ya Waha, wilaya za Kibondo na Kasulu. Upande wa mashariki wa nyanda hizo, ardhi inaposhuka kuelekea mabwawa ya mto Malagarasi na kijito chake kikubwa, liko pori la akiba liitwalo Moyowosi. Nitauliza kama lastahili kuwa na makala yake, na kwa ushahidi gani. Ila nitafika pia kwenye swali la pili ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lenye uzito: likistahili, makala hiyo iseme nini katika sentensi yake ya kwanza?

Kipimo cha mlangoni

Kipimo cha Wikipedia hakiulizi kama mahali ni pazuri, wala kama wenyeji wanapapenda. Kinauliza kama pameandikwa. Panatakiwa kuwe na maelezo ya kutosha, siyo kutajwa kwa mkato. Yawe yametoka kwa waandishi wa kuaminika. Na waandishi hao wawe huru, wasiwe wenye mali wakijisifu wenyewe. Kwa mahali pa kijiografia kipimo hulegezwa kidogo: mji, kata au eneo linalotambuliwa kisheria kwa kawaida huhesabiwa kuwa linastahili, mradi kuna zaidi ya jina na takwimu za kuliandikia. Ndiyo maana kata nyingi za Tanzania zina makala fupi katika Wikipedia ya Kiswahili: jina, wilaya, idadi ya watu kwa mujibu wa sensa, basi. Wahariri huziita makala za aina hiyo mbegu, na jina hilo limetungwa vizuri, kwa kuwa linakiri kwamba kilichopo si mti.

Wako wanaokiona kipimo hiki kuwa ni ubaguzi. Hoja yao ina nguvu: kama sharti ni kuandikwa, basi aliyeandikwa jana ataandikwa na leo, na ambaye hakuandikwa jana hataandikwa kesho. Wako wengine wanaokitetea, na hoja yao pia si ya kupuuzwa: bila kipimo, kamusi elezo itajaa matangazo ya hoteli, sifa za wanasiasa waliojiandikia wenyewe, na visa ambavyo hakuna awezaye kuvihakiki. Anayetunga kamusi ya maneno anaujua ugumu huu. Akikubali kila neno aliloletewa, atajaza kitabu maneno ya mtu mmoja mmoja. Akikataa kila neno lisilochapishwa, ataua lugha ya vijijini.

Gombe ndogo, Moyowosi kubwa

Watu hudhani kwamba ukubwa ndio unaopa mahali heshima. Mkoa wa Kigoma wenyewe unatoa mfano wa kupinga dhana hiyo. Hifadhi ya Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, haifiki kilometa za mraba 60. Ni ukanda mwembamba wa milima na vijito. Hata hivyo hakuna kamusi elezo duniani inayoweza kuiacha, kwa sababu mwezi Julai mwaka 1960 alifika hapo kijana wa Kiingereza, Jane Goodall, akakaa, akatazama sokwe na akaandika. Gombe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968, ikiwa tayari inasomwa katika nchi ambazo hazikuweza kuionyesha Kigoma kwenye ramani.

Moyowosi ina takribani kilometa za mraba 6,000. Ni kama Gombe mia moja zikiwekwa pamoja, au zaidi ya mara tatu ya kisiwa cha Unguja. Ilitangazwa kuwa pori la akiba mwanzoni mwa miaka ya 1980. Imezungukwa na ardhioevu kubwa zaidi, ya Malagarasi na Muyovozi, iliyoorodheshwa tarehe 13 Aprili 2000 chini ya Mkataba wa Ramsar, ule uliotiwa sahihi nchini Iran mwaka 1971 kwa ajili ya kulinda ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Hiyo ilikuwa ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kuingia katika orodha hiyo, na eneo lake ni hekta 3,250,000, yaani kubwa kuliko nchi ya Ubelgiji. Humo wamo nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zinazomwezesha kukanyaga matope. Wamo nyati na nyamera. Na yumo ndege adimu ambaye vitabu vya Kiswahili humwita korongo-nyangumi, kwa kufuata jina lake la kisayansi lenye maana ya kichwa cha nyangumi. Tazama jinsi jina hilo lilivyokuja: ndege wa bwawa la bara ameitwa kwa jina la mnyama wa bahari kuu, kwa sababu aliyemwandika kwanza alikuwa na picha hiyo kichwani.

Kwa hiyo Moyowosi ina ukubwa, ina wanyama, ina hadhi ya kisheria, na ina nyaraka za mkataba wa kimataifa. Kwa kipimo cha mlangoni imekwisha kupita. Anayetaka kuiandikia makala hatakosa cha kunukuu.

Hapo ndipo shida inapoanza. Nyaraka zinazotosha kuiingiza Moyowosi mlangoni ni nyaraka za hekta, ndege na vitalu vya uwindaji. Ukizifuata neno kwa neno, utaandika makala sahihi kabisa kuhusu nchi ambayo haijawahi kuwa na mtu.

Walioandika kwanza

Ili kuelewa jinsi ukimya huo ulivyoingia, yafaa kurudi nyuma kwa walioshika kalamu kwanza. Richard Burton na John Speke walipita bonde la Malagarasi mapema mwaka 1858, wakiwa njiani kwenda Ujiji, na kitabu cha Burton kilitoka mwaka 1860. Henry Morton Stanley alipita Uha mwishoni mwa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na kitabu chake kilitoka mwaka uliofuata. Wote walikuwa wasafiri wenye haraka, na kilichowauma zaidi kilikuwa hongo.

Neno hili lina historia inayostahili kukumbukwa na kila mpenzi wa Kiswahili. Siku hizi hongo ni rushwa. Katika Kiswahili cha misafara ya karne ya 19, hongo ilikuwa ushuru: vitambaa, shanga au nyaya ambazo msafara ulimlipa mtawala wa nchi kwa kupita katika ardhi yake, kunywa maji yake na kulala salama. Stanley alitozwa Uha, akatozwa tena, hata msafara wake ukaamua kunyemelea usiku ili kuwakwepa watozaji waliosalia. Katika kitabu chake Waha wanaonekana zaidi kama kero ya njiani. Ukikisoma kwa jicho jingine, unaona jambo ambalo mwandishi hakukusudia kulisema: kwamba nchi ile ilikuwa na wenyewe, ilikuwa na mipaka, na ilikuwa na utawala wenye nguvu ya kumsimamisha mgeni mwenye bunduki na kumdai haki yake.

Utawala huo ulikuwa wa bami. Uha, au Buha kama wenyewe waitavyo, haikuwa na mfalme mmoja. Ilikuwa na falme kadhaa, kila moja na mwami wake: Heru katika nchi ya Kasulu, Muhambwe katika nchi ya Kibondo, Buyungu upande wa kaskazini ambako leo ni Kakonko, na nyinginezo. Majina hayo hayajafa. Mtu wa Kibondo anapopiga kura ya ubunge, hupiga katika jimbo la Muhambwe. Wa Kakonko hupiga katika jimbo la Buyungu. Jina la ufalme limejificha katika karatasi ya kura, mahali ambapo mtalii wala mtafiti wa ndege hataliona.

Mwaka 1933

Tukio kubwa zaidi katika historia ya nyanda za chini za Buha si la vita wala la uwindaji. Ni la ugonjwa. Malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ulikuwa umeitia hofu serikali ya Kiingereza ya Tanganyika tangu miaka ya 1920. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuwahamisha watu. Wataalamu wa wakati ule waliona kwamba mbung'o hustawi penye vichaka na wanyama, na kwamba familia zinazoishi mbalimbali, kila moja na shamba lake katikati ya msitu, haziwezi kufyeka vya kutosha kumzuia. Basi watu wakusanywe pamoja, wafyeke kwa wingi, wakaguliwe na waganga kwa urahisi, na kodi yao ikusanywe kwa urahisi vilevile.

Kuanzia mwaka 1933 maelfu ya Waha walihamishwa kutoka makazi yao ya mtawanyiko na kupelekwa katika makazi hayo mapya. Waliacha mashamba, miti ya matunda, mizinga ya nyuki, na makaburi. Nyuma yao vichaka vilirudi. Wanyama walirudi pamoja na vichaka, na mbung'o alirudi pamoja na wanyama, sasa akiwa na nchi nzima bila mtu wa kumsumbua. Wanahistoria wa mazingira, John Ford katika kitabu chake cha mwaka 1971 na Helge Kjekshus mwaka 1977, walieleza mzunguko huu kwa upana wa Afrika Mashariki: mara nyingi nyika ambayo mgeni aliiona kuwa ya tangu kuumbwa kwa dunia, ilikuwa ni nchi ambayo binadamu walikuwa wameishika, wameifyeka na kuitawala, kisha ikaponyoka mikononi mwao kwa maradhi, njaa, vita au amri ya serikali.

Amri nyingine zilifuata. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwahamisha tena watu wa mkoa huo kuingia vijiji vya ujamaa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1974 ikaimarisha mipaka ya mapori ya akiba, ambamo kuingia kwahitaji kibali. Miaka ya 1990 wakaja wakimbizi kutoka Burundi na Kongo, na kambi zikafunguliwa: Nduta upande wa Kibondo, Nyarugusu upande wa Kasulu mwaka 1996, na nyinginezo. Kwa hiyo katika muda usiofika miaka 70, nyanda hizi zilishuhudia watu wakitolewa katika ardhi, wakipangwa upya katika ardhi, na wageni wakipokewa juu ya ardhi. Nchi yenye historia ya namna hiyo haiwezi kuelezwa kwa orodha ya ndege peke yake. Huwezi kuisoma historia ya hifadhi za ukanda huu bila kupita mwaka 1933.

Mbuga, hifadhi, pori

Sasa turudi kwenye lugha, kwani hapa ndipo mwandishi wa Kiswahili ana mchango ambao mwandishi wa Kiingereza hana.

Kiswahili kina maneno matatu ambayo watu huyachanganya. Mbuga, kwa asili, ni uwanda wa nyasi, mara nyingi wenye udongo mweusi unaotuamisha maji. Matumizi ya mbuga kwa maana ya eneo la kulinda wanyama ni ya baadaye. Hifadhi limetokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kutunza na pia kushika moyoni: anayehifadhi Kurani huitwa hafidhi, na mtu anaweza kuhifadhi shairi kama anavyoweza kuhifadhi msitu. Pori ni nchi isiyolimwa wala kukaliwa. Kisheria Moyowosi ni pori la akiba, yaani pori lililowekwa kando, kama mtu awekavyo fedha za kesho.

Istilahi hiyo ni ya serikali na hatuna budi kuitumia. Lakini iangalie inavyofanya kazi. Neno pori linatoa hukumu kabla ya ushahidi kusikilizwa. Linasema: hapa hapakuwa na watu. Ilhali Kiswahili kina neno jingine, la kale na sahihi zaidi kwa nchi iliyokaliwa kisha ikaachwa: mahame. Mahame ni mahali palipohamwa. Linatokana na kuhama, na ndani yake mna binadamu hata kama haonekani. Ukiona mwembe katikati ya kichaka, au mawe matatu ya jiko yamefunikwa na nyasi, huko si porini, uko mahameni.

Tofauti ya maneno haya mawili si ya mapambo. Pori halina mwenyewe. Mahame yana mwenyewe aliyeondoka, na huenda bado yuko hai, au mjukuu wake yuko hai. Anayeandika pori amefunga mjadala. Anayeandika mahame ameuliza: ni nani aliyehama, lini, na kwa amri ya nani?

Moyowosi au Muyovozi?

Kabla ya sentensi ya kwanza kuna kichwa cha makala, nacho pia kina mgogoro. Pori la akiba huandikwa Moyowosi. Orodha ya Ramsar huandika Muyovozi. Pengine utakuta Moyovosi. Mto ni uleule.

Kiha ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda, kiasi kwamba wasemaji wake husikilizana. Katika lugha hizo ngeli ya mito na miti hubeba kiambishi mu-, na sauti v na z ni za kawaida. Kwa hiyo tahajia ya Muyovozi yaelekea kuwa karibu zaidi na kinywa cha mwenyeji, na Moyowosi inaonyesha alama za sikio la kigeni lililoandika lilivyosikia. Yaliyomkuta Muyovozi yamewakuta wengi: Malagarasi wa Tanzania ndiye Malagarazi wa upande wa Burundi, na tofauti ya herufi moja imekuwa mpaka wa nchi mbili.

Je, kidahizo kiwe kipi? Hapa naona kanuni ya watunzi wa kamusi ifuatwe: kidahizo ni umbo ambalo msomaji atalitafuta, nalo ni Moyowosi, kwa kuwa ndilo lililo katika sheria na vibao. Lakini Muyovozi itajwe katika mstari wa kwanza, na atakayetafuta kwa jina hilo aelekezwe hapohapo. Kulificha jina la wenyeji chini kabisa, au kuliacha, ni kuirudia dhuluma iliyowafika malenga wa kaskazini katika kamusi sanifu.

Hukumu

Nitoe sasa hukumu niliyoahidi, na nitaitoa kwa kulinganisha maeneo matatu ya nyanda hizi, ili ionekane kwamba kipimo kinaweza kutumika bila upendeleo.

La kwanza ni Moyowosi. Linastahili, bila shaka yoyote. Lina hadhi ya kisheria, lina nyaraka za kimataifa, na lina fasihi ya kitaalamu kuhusu wanyama na historia ya ukanda wake.

La pili ni msitu wa hifadhi wa Makere Kusini, wilayani Kasulu. Haufahamiki nje ya mkoa, lakini unastahili pia, na kwa sababu tofauti. Mgogoro wa mpaka kati ya msitu huo na wakulima wa Kagera Nkanda umeandikwa na magazeti ya Tanzania na kuzungumzwa na viongozi kwa miaka mingi. Waandishi hao hawakukusudia kuusifu msitu. Waliandika kwa sababu palikuwa na jambo. Huo ndio ushahidi huru kwa maana yake halisi. Ajabu ni kwamba katika msitu huu watu wanaonekana wazi katika vyanzo, ilhali katika Moyowosi hawaonekani. Mgogoro huacha maandishi. Uhamisho uliokwisha huacha kimya.

La tatu ni bustani ya mapumziko ya mji wowote wa wilaya: miti michache, viti vya saruji, mahali pa kupigia picha za harusi. Hiyo haistahili makala yake. Siyo kwamba haipendwi. Sentensi moja ndani ya makala ya mji husika inaitosha, na msomaji ataipata hapo kwa urahisi zaidi kuliko katika ukurasa mtupu. Anayeipigania kwa sababu ni ya kwao anafanya kama mtunzi wa kamusi anayeingiza neno la utani la nyumbani kwake.

Ushahidi wa mdomo

Limebaki swali la wale wasioandikwa. Kama historia ya waliohama imehifadhiwa vinywani, na kamusi elezo haipokei kinywa, tufanyeje?

Swali hili limewahi kujaribiwa. Mwaka 2011 mradi uliofanyika India na Afrika Kusini, ukiongozwa na Achal Prabhala na kugharimiwa na shirika linaloendesha Wikipedia, ulirekodi mahojiano na wenyeji kuhusu michezo, vyakula na mila, kisha ukayatumia mahojiano hayo kama vyanzo vya makala katika Kimalayalam, Kihindi na Kisotho cha Kaskazini. Wapo waliofurahi, wapo waliopinga wakisema kwamba huo ni utafiti mpya, na kamusi elezo si mahali pa utafiti mpya. Kanuni kuu haikubadilika.

Mimi siamini kwamba tunahitaji kuibomoa kanuni hiyo. Pwani ya Waswahili inatupa mfano mzuri zaidi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliishi wakati Wajerumani walipoitwaa mrima, akatunga utenzi wa vita vile. Utenzi ulipochapishwa miaka ya 1950, wanahistoria waliuchukua na kuutumia kama ushahidi wa mtu aliyekuwapo. Hakuna aliyehitaji kubadilisha kanuni za historia ili kumpokea Hemedi. Ilitosha kwamba maneno yake yalikuwa yameandikwa, yametiwa jina na kuchapishwa mahali ambapo mwingine angeweza kuyasoma na kuyapinga.

Hicho ndicho kinachokosekana katika nyanda za juu za Kigoma: hatua ya katikati. Kati ya bibi anayekumbuka aliyoambiwa na mama yake kuhusu kuhama, na mhariri wa Wikipedia anayedai chanzo, panahitajika mtu wa kurekodi, kunakili, kutafsiri kutoka Kiha, kuhariri na kuchapisha. Inaweza kuwa makala ya jarida, kitabu kidogo cha historia ya kijiji, au diwani yenye maelezo. Kazi hiyo si ya wahariri wa kamusi elezo. Ni ya walimu, wanafunzi wa historia na wa isimu, na ni ya washairi, kwa sababu mshairi ndiye mwenye mazoea ya kusikiliza neno hadi mwisho kabla ya kuliandika. Nayo haina muda mrefu. Mtoto aliyehamishwa akiwa na miaka kumi mwaka 1933 alizaliwa mwaka 1923. Waliobaki ni watoto na wajukuu wake.

Na si mchezo wa wasomi. Makala ya kamusi elezo husomwa leo na watu wachache, lakini hunakiliwa na ramani za simu, vitabu vya shule, vipeperushi vya utalii na mashine za kutafsiri. Sentensi ya kwanza ikisema pori lisilo na watu, sentensi hiyo itarudi Kibondo kwa njia ya kitabu cha darasani, na mjukuu wa aliyehamishwa ataikariri ili afaulu mtihani.

Kwa hiyo naleta hapa mwanzo wa makala kama ninavyoona inavyofaa uandikwe, kwa vyanzo vilivyopo sasa, bila kuongeza lisilothibitika:

Moyowosi (pia: Muyovozi) ni pori la akiba magharibi mwa Tanzania, katika nchi ya kihistoria ya Buha. Limo katika ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyoingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2000. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa nyanda za chini za Buha kwa ajili ya kudhibiti malale. Vichaka na wanyamapori vikaenea katika maeneo yaliyohamwa. Pori la akiba lilitangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Linajulikana kwa nzohe, nyati na korongo-nyangumi.

Ni sentensi sita. Ndege wamo, sheria imo, jina la wenyeji limo katika mstari wa kwanza, na waliohama wametangulia mbele ya nyati. Wahariri wataiita mbegu, na watakuwa wamesema kweli. Kinachosubiriwa ni vyanzo vya kuikuza, na vyanzo hivyo vitatoka kwa yeyote atakayekwenda Muhambwe au Heru na daftari, akaketi, akauliza kwa Kiha ni wapi palipokuwa nyumbani.